Mtani Wangu Aliyeteka Mkoba wa Hesabu

Ninyi mliopangiwa uhandisi mwaka huu, hongereni, na poleni kidogo. Hongereni kwa sababu mmeingia. Poleni kwa sababu kila mmoja wenu alikuwa wa kwanza shuleni kwake, na sasa mnakwenda kukaa darasa moja watu wote mliokuwa wa kwanza. Hesabu yake haihitaji kikokotoo. Lazima mtu awe wa mwisho, na huenda akawa wewe unayesoma hapa huku unatabasamu.

Mimi ni Bi Mwajuma, ila chuoni waliniita Bi Rula, kwa sababu ya rula ndefu ya mbao niliyotembea nayo kila mahali kama watu wengine wanavyotembea na mwavuli. Nimefundisha uchoraji wa kihandisi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hapahapa Tabora, mpaka nywele zikabadili rangi. Wenzangu walipanda wakafundisha mwaka wa tatu na wa nne, wakapata vyeo na ofisi zenye feni. Mimi kila nilipoulizwa nilikataa. Vichekesho vyote vya chuo viko mwaka wa kwanza, na mimi napenda kucheka kuliko feni.

Sasa nimestaafu, nakaa Kitete, nafuga kuku wasionisikiliza, jambo ambalo nimelizoea. Nataka niwaeleze habari za Sefu, mwanafunzi wangu aliyenusurika kufukuzwa chuo kwa sababu ya mkoba, na aliyeokolewa na matusi. Lakini kwanza nitawapitisha darasani kwangu, maana bila hapo hamtaelewa kwa nini kijana mwenye akili zake alifikia kuteka mkoba.

Kipindi cha kwanza kabisa, kila mwaka, niliweka kikombe cha chai mezani. Nikawaambia: kichoreni mara tatu, kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni. Basi. Vijana waliopata alama za juu katika fizikia na hesabu walivuta midomo, kana kwamba nimewaita chekechea. Kisha nilipita kwenye meza zao na rula yangu nikaona maajabu. Kuna waliochora mkono wa kikombe upande ambao kutoka pale walipokaa hauonekani kabisa. Kuna waliochora mdomo wa kikombe wa mviringo wakati wanakitazama kwa mbele, ambapo mdomo ni mstari tu. Binti mmoja alichora mvuke, na mvuke haukuwepo, chai ilikuwa imepoa tangu nilipoanza kuita majina.

Hilo ndilo somo lenyewe, na nawapa bure. Mnachora mnachokijua badala ya mnachokiona. Chora kinachoonekana kutoka pale ulipo. Kile ambacho unajua kipo ila kimejificha nyuma, kichore kwa mistari ya vipande vipande. Mhandisi asiyejua tofauti ya mstari mzima na mstari wa vipande atamtuma fundi atoboe tundu mahali ambapo hapana kitu.

Mara moja tu niliona mtu aliyelijua hilo kabla ya kufundishwa. Kijana wa Ziba, wa wafugaji, nilimwambia achore kitu chochote cha kwao kwa juu. Akachora ng'ombe. Mgongo, nundu, pembe mbili zimetanuka, mbavu zimevimba pande mbili, kila kitu mahali pake. Nikamuuliza amemwona wapi ng'ombe kwa juu. Akasema utoto wake wote alikaa juu ya boma la josho, ng'ombe wanapita chini yake mmoja mmoja kwenda kuogeshwa. Nikampa alama zote, halafu nikamwambia amchore kwa mbele, akanipa ng'ombe mwenye miguu mitatu. Tukacheka, yeye akiwa wa kwanza kucheka, na huyo sikuwa na wasiwasi naye tena. Anayeweza kujicheka mwaka wa kwanza anamaliza.

Najua siku hizi mnachora kwa kompyuta. Ni kitu kizuri, haichafui vidole. Lakini kompyuta itakuchorea upuuzi wako kwa mistari iliyonyooka sana mpaka uuamini. Kwa hiyo anzeni na penseli. Na penseli inachongwa kwa wembe, kisha ncha inasuguliwa kwa kipande cha msasa mpaka ichongoke kama sindano, ndipo itatoa mstari wa unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Unapoivuta, izungushe kidogo kidogo kwa vidole. Msiniulize kwa nini, fanyeni tu halafu mje kunishukuru.

Haya, Sefu.

Sefu alishuka kwenye treni na begi moja na ndoo yenye kifuniko, akaja moja kwa moja kwenye kipindi changu, ndoo mkononi. Kwa kuwa ndoo ilizuia mlango, nilianza naye.

“Unatoka wapi?”

“Handeni, mwalimu.”

“Mzigua?”

“Mzigua mwenyewe.”

Niliweka rula chini. “Jamani,” nikaliambia darasa, “mimi ni Mnyamwezi wa mjini hapa, na huyu ni mtani wangu. Kuanzia leo msishangae mkisikia namwita mwizi wa mihogo.”

Sefu hakupepesa jicho. “Na ninyi msishangae,” akawaambia wenzake, “nikimwita mpagazi. Mama, mzigo wako leo umeutua wapi? Au umechoka ukamwachia mwenzio?”

Mngesikia darasa lilivyovuta pumzi. Watoto wa watu walidhani wameona mwanafunzi akijimaliza siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshikilia meza kwa kicheko.

Kwa wale ambao wazazi wenu hawakuwaeleza: njia ya misafara ilitoka hapa kwetu hadi pwani, na babu zetu Wanyamwezi waliipita kwa miguu, mizigo begani, wakikatiza nchi za watu wengi, Wazigua wakiwemo. Njiani walipigana, wakapatana, wakalishana, wakazikana. Kilichobaki ni utani. Mtani wangu ananitukana na siruhusiwi kukasirika. Anachukua kitu changu na siruhusiwi kumwita mwizi, inanibidi nikikomboe. Na siku nikifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na kunifanya nicheke nikiwa nalia. Ukiwa na watani mahali, hata ukifika leo asubuhi si mgeni hapo.

Sefu alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alimwandaa kwa chuo kikuu kwa sentensi chache tu. “Huendi ugenini,” alimwambia. “Wale ni wapagazi wetu. Ukiona kitu chao, chukua.” Nadhani bibi alikuwa anamtia moyo. Sefu aliichukua kama maelekezo ya safari.

Jumamosi yake ya kwanza alikwenda sokoni, akakuta mama anauza karanga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akajaza kiganja cha karanga, akatafuna, akamwambia yule mama kwamba karanga za wapagazi zina ladha ya jasho la begani. Mama alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge. Alimtukana tusi moja refu, akamfungia michembe kwenye mfuko, akamwambia amsalimie bibi yake. Sefu akaona dunia imenyooka. Akahamia kwa muuzaji wa pili, akafanya vilevile. Huyo alikuwa Muha, hakujua Handeni iko wapi wala hakutaka kujua. Sefu aliniambia hakuwahi kufikiri kwamba mtu mnene anaweza kukimbia kiasi kile.

“Uliza kabila kwanza,” nilimwambia Jumatatu. “Ndipo utukane.”

“Bibi hakusema hivyo.”

“Bibi yako alidhani una akili.”

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Aliingia darasani kwangu akiwa na tusi jipya kila siku, nami nilikuwa nalo la kumrudishia, na darasa zima likachangamka. Hata wale wa Choma na Nzega waliokuwa wakikaa nyuma bila kufungua mdomo walianza kuuliza maswali, wakiona kwamba mwalimu anatukanwa na jua linaendelea kuwaka.

Kisha zikaja testi.

Hesabu walifundishwa na Dokta Ambokile, mtu wa Tukuyu, mrefu, mkimya, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata mikunjo ikaogopa kurudi. Alifundisha akiwa amelipa darasa mgongo. Mkono wa kulia uliandika, wa kushoto ulifuta, na mwanafunzi aliyeinama kuokota kalamu alipoinuka alikuta Dokta ametoka kwenye sehemu ya kwanza ya swali na kufika kwenye jibu. Sikuwahi kumwona akitabasamu. Mlango wa ofisi yake ulikuwa umefungwa daima, na wanafunzi walipita mbele yake kwa kunyata, kama vile ndani kuna mgonjwa.

Nisikilizeni hapa, maana ndipo wengi mnapovunjikia. Sekondari ukikosa hesabu mwalimu anakufuata. Chuoni hakuna anayekufuata. Alama zinabandikwa, unazisoma, unaondoka nazo kimya kimya, na kwa kuwa kila mtu anaondoka kimya kimya, kila mtu anadhani ni yeye peke yake. Unaanza kukaa mwisho wa darasa. Unaanza kudesa, unanakili kazi ya mwenzio ambaye naye alinakili kwa mwenzie. Unapiga msuli usiku kucha juu ya kitu ambacho ungeelezwa kwa muda wa kunywa chai.

Sefu alifeli testi ya hesabu vibaya. Sitawaambia alama, lakini zilikuwa zinatosha kuhesabiwa kwa vidole bila kuvua viatu. Na uchoraji wangu pia ulimpiga chenga. Alikuwa mmojawapo wa wale waliochora kikombe kwa kumbukumbu. Akaanza kupungua. Aliingia darasani, akaniamkia “Shikamoo, mwalimu,” akakaa. Siku ya kwanza nilidhani ananitegea mtego. Siku ya tatu nilijua kijana anaumwa. Mzigua anayemwamkia Mnyamwezi kwa heshima siku tatu mfululizo apelekwe hospitali.

Nilimwita nikamuuliza. Akasema anataka kurudi nyumbani. Akasema labda walikosea kumpanga, labda kulikuwa na Sefu mwingine.

“Nenda kwa Dokta Ambokile,” nilimwambia. “Gonga mlango, umwambie hujaelewa.”

“Siwezi, mwalimu.”

“Atakufanya nini?”

“Atanitazama.”

Nilimwelewa, kwa sababu hata mimi, mwalimu mwenzake, Dokta aliponitazama nilikuwa nakagua kama nimefunga vifungo vyote.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Sefu alimpigia bibi yake akalia kwenye simu. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu: “Yule mtani wako mwalimu, umemchukulia nini?” Sefu akasema hajamchukulia kitu. “Ndiyo maana,” bibi akasema. “Umekaa kama mgeni. Nenda kachukue kitu chake chochote, roho itatulia.”

Basi Jumanne, mchana, kijana akapita chumba changu cha kuchorea. Mimi nilikuwa nimetoka. Juu ya meza yangu palikuwa na mkoba mweusi wa ngozi. Akaubeba. Akauficha chini ya kitanda chake bwenini, akaupiga picha, na picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, ambalo mimi nami nimo, na maneno haya: “Mkoba wa Bi Rula umetekwa na jeshi la Wazigua. Unakombolewa kwa michembe na karanga. Wapagazi msipoleta, tunaufanya kiota cha kuku.”

Nilikuwa kantini. Nilicheka mpaka mpishi akaja kuniangalia. Mtoto amepona, nikasema, mtoto wangu amepona kabisa. Nikashika simu nimjibu kwa tusi la kiwango chake. Nilipoinua mkono nikahisi kitu begani. Mkoba wangu ulikuwa begani kwangu.

Wakati huohuo Dokta Ambokile aliingia kantini akikimbia. Sikujua kwamba Dokta anaweza kukimbia. Alikuwa amekuja chumbani kwangu kuazima vifaa vya kuchorea, kwa kuwa alikuwa na mchoro wa kuandaa kwa kipindi chake, akaweka mkoba wake juu ya meza yangu, akatoka kidogo kuzungumza kwenye simu. Ndani ya mkoba ule kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha kulikuwa na mtihani wa hesabu wa mwisho wa muhula wa darasa zima.

Nilimkuta Sefu kwenye ngazi za bweni, anasoma ujumbe niliomtumia. Aliusoma, akakaa chini palepale. Mnaelewa uzito wake. Mwanafunzi aliyefeli testi amekutwa na mtihani chini ya kitanda. Chuo chochote duniani kina jina moja la jambo hilo, na adhabu yake ni moja: unafungasha. Si sapu ya kurudia mtihani, si kurudia mwaka. Unaondoka, na hakuna chuo kitakachokupokea ukieleza ulikotoka.

“Sikufungua,” aliniambia. “Wallahi mama, hata zipu sikugusa.”

Nilimwamini, kwa sababu alikuwa ameniita mama kwa sauti ambayo haina utani hata kidogo.

Kamati ya nidhamu ilikaa Ijumaa asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Profesa Maganga, mzee wetu wa Nzega, Mnyamwezi kama mimi, mkali wa taratibu. Kulikuwa na wajumbe wengine wawili ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa, Dokta Ambokile kama mlalamikaji, mimi kama shahidi, na Sefu amesimama katikati, amevaa shati la kuazima.

Bahasha iliwekwa mezani. Lakiri haikuwa imeguswa. Dokta akasema, kwa sauti yake ya ubaoni, kwamba bahasha hufunguliwa kwa mvuke wa birika na kufungwa tena. Mimi nikasimama kueleza utani, nikaeleza treni, bibi, karanga, wapagazi, nikafika Bagamoyo, Profesa akaniomba nikae.

“Swali ni moja,” alisema. “Kijana huyu ni mtani au ni mwizi aliyepata kisingizio? Maana utani mtu yeyote anaweza kuusingizia. Mwajuma, kuanzia sasa usifungue mdomo.” Akavua miwani, akamgeukia Sefu. “Mwangaluka,” akamwamkia kwa Kinyamwezi.

“Shikamoo, Profesa,” Sefu akajibu.

“Marahaba. Nasikia Wazigua mnasoma siku hizi. Nani amebaki kulinda mihogo isiliwe na ngiri? Au mmeajiri ngiri wenyewe wawe walinzi?”

Nikaelewa mara moja anachofanya. Alikuwa anamfungulia mlango. Mtani wa kweli hawezi kuachia tusi kama lile lipite, ulimi utalirudisha wenyewe. Sefu alichotakiwa kufanya ni kumtukana mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, na angekuwa salama.

“Samahani, Profesa,” Sefu akasema.

Profesa akajaribu tena. “Na ugali wenu, nasikia mnaukata kwa shoka. Mgeni akija mnamwazima msumeno.”

“Ndiyo, Profesa.”

Niliuma ncha ya mtandio wangu. Tangu Jumanne kijana alikuwa amefunzwa na hofu kuwa mpole, na sasa upole ndio ulikuwa unamfukuza chuo. Nilitaka kupiga kelele: mtukane, mwanangu, mtukane upesi. Dokta aliandika kitu kwenye karatasi yake. Wajumbe wakatikisa vichwa.

Profesa akavaa miwani. Nilimwona amesikitika kweli. “Basi,” alisema. “Hakuna utani hapa. Kijana alidanganywa na bibi yake, nasi tumedanganywa na yeye.”

Sefu akainua kichwa.

“Bibi yangu hadanganyi,” alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Akaanza tena. “Bibi yangu alinieleza habari zenu zote. Alinieleza babu zenu walivyofika pwani na mizigo begani, wakaiona bahari, wakapiga magoti wakanywa. Wakatema. Wakaja mbio kwetu kushtaki kwamba Wazigua tumetia chumvi kwenye mto. Tukawaambia, jamani, huo si mto. Wakakataa. Tukawapa maji ya kisima wakanywa, wakalala, kesho yake wakarudi kuonja kama chumvi imekwisha. Na mpaka leo kuna mzee wenu mmoja amekaa pale ufukweni anangoja maji yapungue avuke. Na kwa masikio hayo, Profesa, yule ni babu yako mzaa baba.”

Mjumbe mmoja alikohoa, na kikohozi kikageuka kitu kingine. Profesa Maganga aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa meza, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alipoinuka machozi yalikuwa yamefika kwenye ndevu.

“Ni babu yangu kweli,” alisema. “Tulimtuma chumvi, hajarudi.”

Mimi sikuwa mtu tena. Nilikuwa nimejifunika mtandio wote. Hata wale wajumbe wawili walisahau kutikisa vichwa. Aliyebaki na uso wake ni Dokta Ambokile peke yake, na kadiri tulivyotulia mmoja mmoja ndivyo tulivyomwona, na kicheko kikatuishia.

“Utani upo,” alisema. “Nimeuona. Lakini mkoba ni wangu, na mimi si Mnyamwezi. Mimi na kijana huyu hatuna utani wowote.”

Ilikuwa kweli tupu. Profesa alipangusa miwani. Taratibu zilimpa mlalamikaji haki ya kusikilizwa mwisho, na kila mtu alijua kwamba Dokta akisema aondoke, Sefu ataondoka na treni ya jioni.

Dokta akamtazama Sefu kwa ule mtazamo wake. “Ungejua mkoba ni wangu, ungeuchukua?”

“Hapana, Dokta. Nisingethubutu hata kuugusa.”

Nilishusha pumzi. Nilidhani hilo ndilo jibu zuri kuliko yote. Lakini uso wa Dokta ulianguka, na nilishangaa, maana sikujua uso ule una mahali pa kuangukia.

“Kwa nini?” aliuliza.

“Kwa sababu wewe ni… wewe ni Dokta.”

Dokta alipozungumza hakuzungumza na kamati. “Tangu nimefika Tabora,” alisema, “naingia darasani, naandika, natoka. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kugonga mlango wangu. Nilidhani wanaelewa. Wanaofeli nilidhani ni wavivu.” Akaichukua ile bahasha, akaichana katikati, mtihani na lakiri yake. “Nitatunga mwingine. Kijana abaki.” Kisha akafunga mkoba, akaufungua tena bila sababu. “Ila nataka kuuliza jambo moja. Nifanye nini ili na mimi niibiwe?”

Hakuna aliyecheka. Sefu alinitazama mimi, akamtazama yeye.

“Acha mlango wazi, Dokta,” akasema.

Ule mtihani mpya ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, na darasa zima lilimlaani Sefu kwa lugha zote za Tabora. Alifaulu, kwa kubana. Uchoraji alipata sapu, na sapu hiyo nilimpa mimi mwenyewe kwa mkono wangu, bila huruma. Asubuhi alipoona matokeo alikuja akanitukana kuanzia kizazi cha babu wa babu yangu mpaka kuku, na mimi nilikaa namsikiliza kwa raha zote. Zile siku alizoniamkia kwa heshima zilinitesa kuliko nilivyowahi kumwambia.

Na Dokta aliacha mlango wazi. Mwanzo hakuna aliyeingia. Halafu Sefu aliingia akatoka na kalamu nyekundu, na Dokta akamwita arudi, akamkalisha, akamwonesha alipokosea kwenye testi ile ya kwanza, hatua kwa hatua, akiwa amemgeukia. Kesho yake binti wa Choma aliiba chaki akafundishwa swali zima. Wakaanza kwenda wawili wawili. Walibeba kikombe, kalenda, kipande cha sabuni, na kila aliyetoka na kitu alitoka na hesabu ambayo hakuingia nayo.

Mchana mmoja, muhula unakaribia kuisha, niko chumbani kwangu nanoa penseli, Dokta Ambokile akaja akasimama mlangoni. Shati lilikuwa limekunjamana. Alikuwa na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

“Bi Mwajuma,” alisema, “wameniibia kiti.” Na mimi katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile.